Mtihani Haupandi Ngazi

Mhadhiri yeyote wa Tanzania anayepakia somo lake kwenye Moodle, akaweka maswali ya kuchagua mwishoni na kuiachia kompyuta kazi ya kusahihisha, anatumia vifaa vilivyopita kambini kabla ya kufika chuoni. Mwaka 1997 Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikishirikiana na Ikulu ya nchi hiyo, ilianzisha mpango ulioitwa Advanced Distributed Learning, kwa lengo la kuwafundisha askari popote walipo pasipo kuwarudisha darasani. Tatizo lao la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa: somo lililotengenezwa kwa mfumo wa kampuni moja halikufunguka katika mfumo wa kampuni nyingine, na fedha zikawa zinalipwa mara mbili kwa kitu kilekile. Mwaka 2000 zikatolewa kanuni za pamoja zinazojulikana kwa kifupi kama SCORM. Kanuni hizo ndizo zinazouwezesha mfumo kurekodi kwamba mwanafunzi amefungua somo, ametumia dakika kadhaa, amepata alama fulani, na amemaliza. Neno hilo la mwisho, “amemaliza”, ndilo lililonisukuma kuandika makala hii.

Maswali ya kuchagua nayo hayakuzaliwa jeshini, ila jeshi ndilo lililoyalea mpaka yakakomaa. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, wanasaikolojia waliokuwa chini ya Robert Yerkes walitunga mitihani miwili ya kupima akili za makuruta: Alpha kwa wanaojua kusoma Kiingereza, na Beta, ya picha, kwa wasiojua. Askari wapatao milioni 1.7 walipimwa. Mmoja wa watu wa kundi lile, Carl Brigham, aliyachukua matokeo hayo na mwaka 1923 akachapisha kitabu cha kudai kwamba watu wa asili fulani za Ulaya wamezaliwa na akili kuliko wengine, na kwamba Weusi wako chini yao wote. Mwaka 1926 aliongoza kutungwa kwa SAT, mtihani ambao mpaka leo unatumika kuwachuja vijana wa Marekani mlangoni mwa vyuo vikuu. Mwaka 1930 aliyakana kwa maandishi madai yake ya 1923. Lakini hapo mtihani ulikuwa umekwisha kujua kutembea peke yake.

Huwa nawasimulia wanafunzi wangu habari hizi katika muhula wa kwanza, nao hushangaa kidogo kisha wanaandika. Katika madarasa ya shahada ya uzamili nimewahi kuwa na maafisa wa jeshi waliopewa ruhusa ya masomo, na hao husikiliza kwa namna nyingine. Miaka michache iliyopita mmoja wao, meja mpole asiyependa kuzungumza, aliinua mkono akauliza: “Dokta, na yule aliyeamua kwamba tupimwe hivi, yeye hupimwa lini?” Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Nilimjibu jibu la kitabuni, kuhusu tathmini ya programu na mrejesho wa wadau, nikaendelea na mhadhara. Swali lake lakini limekaa kuliko jibu langu, na kadiri ninavyosoma jinsi majeshi makubwa yalivyotumia kompyuta kufundisha na kupima, ndivyo ninavyoona kwamba meja yule aliweka kidole penye kidonda.

Nianze kwa kuondoa shaka. Siandiki kuipinga teknolojia, wala sina hamu ya kuwarudisha askari kwenye ubao na chaki. Mwaka 1934, jeshi la anga la Marekani lilipopewa kazi ya kusafirisha barua majira ya baridi, marubani walikufa mmoja baada ya mwingine kwa sababu hawakuwa wamefundishwa kuruka kwa kutegemea vipimo tu mahali pasipoonekana kitu. Ndipo jeshi lilipokumbuka kifaa cha Edwin Link, kiboksi chenye mabawa mafupi kilichofungwa sakafuni, ambamo rubani aliweza kupotea njia na kuanguka bila kuumia. Tangu hapo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyebisha kwamba ni afadhali kufa mara kumi katika mashine kuliko mara moja angani. Miaka ya 1980 wakaja na SIMNET, mtandao uliounganisha vifaru vya kuigiza ili vikosi vizima vipigane vikiwa mabandani. Baada ya mapigano ya vifaru ya 26 Februari 1991 katika jangwa la Iraq, yale yanayoitwa 73 Easting, watafiti waliwahoji askari walioshiriki, wakakusanya kumbukumbu zote na kuyajenga upya mapigano hayo ndani ya kompyuta, dakika kwa dakika, ili wengine wajifunze. Hayo ni matumizi mazuri, na ningependa kuona vyuo vyetu, vya kijeshi na vya kiraia, vikiwa na kitu cha namna hiyo.

Kisa kinachonisumbua ni kingine. Kinatoka katika jeshi la majini la nchi hiyohiyo, na nitakaa nacho kwa kirefu kidogo.

Kwa miaka mingi, kijana aliyepata kamisheni na kupangiwa manowari za juu ya maji alipitia kwanza shule ya maafisa iliyoko Newport, Rhode Island. Alikaa huko miezi kadhaa akifundishwa kuongoza meli, kusoma rada, kujua sheria za kupishana baharini, na kuhesabu mahali ambapo meli mbili zitakutana iwapo hakuna itakayogeuka. Mwaka 2003 utaratibu huo ulisitishwa. Kijana alipelekwa moja kwa moja melini, akakabidhiwa furushi la sidii 21, akaambiwa asome mwenyewe kwenye kompyuta katika nafasi atakazozipata. Maafisa wenyewe waliupachika mpango huo jina la kejeli: shule ndani ya boksi.

Watumishi wa umma wanaosoma makala hii hawatahitaji kuelezwa lugha iliyotumika kuutetea, kwa maana wameisikia katika kila semina. Ilikuwa lugha ya ufanisi, ya kupunguza gharama na muda, ya kumfikishia mwanafunzi elimu badala ya kumpeleka mwanafunzi kwenye elimu. Haikuwa lugha ya uongo. Kompyuta kweli ilikuwa inaweza kubeba maelezo yote ya Newport. Kilichosahauliwa ni maisha ya luteni mgeni melini: ana kikosi cha kuongoza, ana makaratasi ya mabosi wake, ana zamu za usiku, na usingizi kwake ni anasa. Sidii zilifunguliwa usiku wa manane na mtu anayesinzia, akibofya ili ukurasa ufuate mwingine. Na pale melini, nani alikuwa na nafasi ya kumfundisha? Wakuu wa idara walikuwa na kazi zao. Mzigo wa shule ulihamishiwa mahali ambapo hapakuwa na mwalimu, ukaitwa uboreshaji.

Mwaka 2010 jopo lililoongozwa na admirali mstaafu Phillip Balisle liliuambia uongozi wa jeshi hilo kwamba utayari wa meli umeporomoka, na miongoni mwa sababu likataja kupunguzwa kwa mabaharia na kuegemea mno mafunzo ya kompyuta. Mwaka 2012 darasa likarudishwa, la wiki 8 tu. Hapo waliolelewa na sidii walikuwa wamekwisha anza kupanda vyeo na kuwa walimu wa wenzao.

Usiku wa 17 Juni 2017 manowari USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena ACX Crystal karibu na pwani ya Japani. Maji yalifurika katika chumba cha kulala na mabaharia 7 wakafa. Miezi miwili baadaye, 21 Agosti, manowari USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Singapore, wakafa 10. Bahari ilikuwa shwari mara zote mbili. Hapakuwa na adui.

Ajali ya pili ina jambo linalotuhusu moja kwa moja. Usukani na mwendo wa meli ile viliendeshwa kwa skrini za kugusa. Nahodha alipoagiza kazi ya usukani na ya mwendo zigawanywe kati ya mabaharia wawili, udhibiti wa usukani ukahamia kwenye skrini nyingine bila aliyeushika kujua. Akapiga kelele kwamba usukani haushiki. Walipojaribu kupunguza mwendo, rafadha moja ikapungua kasi na ya pili isipungue, meli ikakata kushoto na kuingia njia ya meli ya mafuta. Baadhi ya mabaharia waliokuwa zamu walikuwa wameazimwa kutoka manowari nyingine yenye mitambo tofauti, na Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilibaini kwamba hawakuwa wamefundishwa ipasavyo mtambo uliokuwa mbele yao. Mwaka 2019 jeshi lilitangaza kwamba litaondoa skrini hizo kwenye udhibiti wa mwendo na kurudisha mikono ya chuma, ya kushikwa na kuhisiwa kiganjani.

Sisemi kwamba sidii ndizo zilizozigonganisha meli hizo. Maafisa vijana wa 2017 walikuwa wamepitia darasa la wiki 8, na ripoti zilitaja mambo mengi: uchovu, upungufu wa watu, ratiba isiyo na pumzi. Ninachotaka kukionyesha ni jinsi vipimo vilivyotumika. Ofisi ya uwajibikaji ya Bunge la Marekani ilibaini kwamba kufikia Juni 2017 asilimia 37 ya vyeti vya utayari wa manowari za aina hiyo zenye makao Japani vilikuwa vimepitwa na muda. Mfumo wa kurekodi haukushindwa kuliona hilo. Ulilirekodi. Lakini wakubwa walikuwa na fomu ya kuahirisha, yenye jina refu la kutathmini na kupunguza hatari, na kwa fomu hiyo meli isiyo na cheti halali iliendelea kwenda baharini. Luteni akifeli swali hana fomu ya kuahirisha kufeli. Makao makuu yalikuwa nayo.

Baada ya ajali, makamanda wa meli zote mbili waliondolewa madarakani, na kamanda wa Kikosi cha Saba pia. Uamuzi wa 2003 haukuwa na mtu wa kuitwa.

Mapema mwaka 2018 likafanyika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la busara kuliko yote katika kisa hiki, na lilifanywa kwa kompyuta. Maafisa vijana 164 waliokwisha pewa sifa ya kuongoza zamu waliingizwa mmoja mmoja katika simulata, yaani chumba kinachoiga daraja la manowari, wakapewa bahari yenye meli nyingi, na nyuma yao wakasimama mabaharia wazoefu wakiangalia. Kati yao 27 walimaliza bila kasoro ya kutia wasiwasi. Wengine 108 walimaliza kwa kasoro kadhaa, na 29 kwa kasoro kubwa. Kumbuka kwamba wote 164 walikuwa na sahihi za wakubwa wao kwamba wameiva. Kwenye makaratasi walikuwa “wamemaliza”.

Mashine ya 2003 na mashine ya 2018 ni za ukoo mmoja. Ya kwanza iliulizwa: je, tunaweza kuepuka gharama ya mwalimu? Ikajibu ndiyo. Ya pili iliulizwa: je, vijana wetu wanajua kuendesha meli? Ikajibu kweli, kwa sababu pembeni yake alikuwepo mtu ajuaye bahari, na kwa sababu waliouliza walikuwa tayari kusikia jibu baya. Lakini waliuliza baada ya majeneza 17. Na hata hapo, waliopimwa ni maluteni.

Nami ni mmoja wa waliopitia JKT kwa mujibu wa sheria, kabla utaratibu haujasitishwa mwaka 1994. Katika kombania yetu afande wa silaha alikuwa na kitambaa cheusi. Ukifika zamu yako alikifunga machoni pako, anakuweka mbele ya SMG, unaifungua yote na kuifunga tena. Yeye hakutazama mikono yako. Aligeuka upande mwingine akasikiliza chuma. Kulikuwa na kijana aliyejua majina ya vipande vyote na kuyataja kwa ufasaha. Alirudishwa mara tatu. Kulikuwa na msichana kutoka Kondoa ambaye darasani hakufungua kinywa, akaifunga bunduki kabla sisi hatujamaliza kuhesabu. Afande hakuandika alama. Alisema tu, “Huyu aende,” au, “Huyu bado.” Na keshoye, kwenye uwanja wa shabaha, afande huyohuyo alilala chini kando ya kila aliyempitisha, bega kwa bega, risasi zikiwa za kweli. Kama alikosea kumpima mtu, wa kwanza kuupata ubaya wa kosa lile angekuwa yeye.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Afande wa aina hiyo anaweza pia kuwa mwonevu. Anaweza kumpitisha mtoto wa mkubwa na kumrudisha asiye na mtu. Wasichana wa enzi zetu wana mengi ya kusimulia juu ya gharama ya kupendelewa na ya kutopendelewa. Kompyuta haijui kabila lako, haiombi kitu, haina hasira ya asubuhi. Wanaharakati wanaotaka vyombo vya dola viajiri na kupandisha vyeo kwa haki wana sababu ya kuipenda, nami niko pamoja nao. Ila tusichanganye mambo mawili. Kompyuta inaweza kuondoa upendeleo wa mtu anayepima. Haiwezi kuweka kitu mahali pa ile hatari aliyoibeba alipokubali kulala kando ya uliyempa alama.

Jinsi alama zinavyoharibika zikikosa mtu wa namna hiyo, kambi ya Malmstrom iliyoko Montana ilituonyesha mwaka 2014. Hapo kuna maafisa wa jeshi la anga wanaolinda makombora ya nyuklia chini ya ardhi, wawiliwawili, zamu baada ya zamu, wakisubiri amri ambayo kila mtu anaomba isije. Kila mwezi walifanya mitihani ya kuandika. Alama ya kufaulu ilikuwa asilimia 90, lakini katika hali halisi aliyepata chini ya 100 alijua kwamba cheo chake kimesimama. Januari mwaka huo, wachunguzi waliokuwa wakifuatilia habari za dawa za kulevya walikuta kwenye simu majibu ya mtihani yaliyotumwa kwa ujumbe mfupi. Kwanza wakatajwa maafisa 34, kisha idadi ikapanda hadi 92, wengine kwa kudanganya na wengine kwa kujua na kunyamaza. Karibu nusu ya maafisa wa kurusha makombora wa kambi ile.

Watu waliuliza kwa hofu: ina maana hawa hawajui kazi? Wachunguzi walijibu kwamba wengi wao wangefaulu bila msaada. Walidanganya ili wafike 100. Hilo hunisikitisha kuliko kama wangekuwa wajinga. Kwa miaka mingi makamanda walisoma orodha za mia kwa mia, mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyejiuliza inawezekanaje mamia ya binadamu wasikosee hata swali moja. Mwalimu wa shule ya msingi akiona darasa zima limepata mia angetunga mtihani mwingine jioni ileile. Makamanda hawakuwa wajinga pia. Zile mia zilikuwa zao. Ndizo walizopelekea juu, nao walipimwa kwazo bila kuingia chumba cha mtihani. Maafisa 9 wa ngazi ya kati walivuliwa uongozi, mkuu wa kambi akajiuzulu, na mitihani ikabadilishwa iwe ya kufaulu au kufeli pasipo asilimia.

Kuna kisa kingine kidogo, nakitaja kwa sababu huwafurahisha wanafunzi wangu wa takwimu. Kati ya mwaka 1976 na 1980 mtihani wa kuwachuja wanaotaka kujiunga na jeshi la Marekani ulikuwa na kosa katika jedwali la kubadilisha alama, na wale wa chini wakaonekana wamepata zaidi ya walivyostahili. Zaidi ya vijana 300,000 ambao kwa kanuni wangerudishwa nyumbani wakavaa sare. Kosa lilipogundulika ilitazamiwa maafa. Walipofuatiliwa baadaye, ikaonekana kwamba wengi walitumikia karibu sawa na wenzao waliopita kwa halali. Sina haja ya kuongeza neno.

Turudi nyumbani. Sasa hivi kila ofisi ya umma ina mafunzo ya mtandaoni ya lazima: maadili, usalama wa taarifa, manunuzi, jinsia. Mtumishi mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, alinisimulia kwamba alilifungua somo la maadili akiwa ndani ya daladala pale Ubungo, akabofya, akajibu maswali kumi, na cheti kikaingia kwenye simu kabla hawajafika Mwenge. Alicheka aliponieleza, nami nikacheka. Afisa utumishi wake, alisema, alipongezwa kikaoni kwa kuwa idara imemaliza kwa asilimia mia. Ni Malmstrom bila makombora.

Wanajeshi wetu nao wamo katika mkondo huu, na itakuwa ajabu wasiwemo. Maafisa wa Kiafrika wanaojiandaa kwenda kulinda amani husoma kozi za mtandaoni, zikiwemo zile za Peace Operations Training Institute ya Williamsburg, Virginia, na wengi wana vyeti vyake. Kozi hizo ni nzuri kwa kazi yake. Askari anayekwenda nchi ya watu anapaswa kujua sheria za vita, muundo wa misheni, haki za raia. Mambo hayo yanasomeka kwenye skrini. Hofu yangu inaanza pale mpangaji atakapoona bei ya skrini na bei ya wiki sita porini akazilinganisha kana kwamba zinauza kitu kimoja, kama walivyofanya wenzetu mwaka 2003.

Lakini kuna upande wa pili wa jambo hili ambao haujadiliwi, na kwangu ndio mkubwa zaidi. Tarehe 7 Desemba 2017 kituo cha walinda amani huko Semuliki, katika eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, kilishambuliwa kwa saa nyingi. Waliokuwa pale walikuwa askari wetu, wa JWTZ, na wasiopungua 14 waliuawa. Ni miongoni mwa mashambulizi mabaya zaidi kuwahi kuwapata walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Uchunguzi maalumu ulioagizwa na Umoja huo ulitaja mapengo ya mafunzo na ya mpangilio wa vikosi. Ulitaja pia kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea msaada askari wake na kuwatoa, na kwamba kulikuwa na matatizo ya amri, ya uongozi, na ya upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia.

Nisome tena orodha hiyo kwa macho ya mtu anayetunga mitihani. Mpango wa kuokoa, mlolongo wa amri, ndege, taarifa: karibu yote hayo hayapimiki kwa kumfunga kuruta kitambaa machoni, wala kwa maswali kumi kwenye simu ya koplo. Ni mambo ya makao makuu. Na hapo ndipo zana za kidijitali zingeonyesha thamani yake halisi, kwa kuwa tangu SIMNET zilibuniwa ili kuunganisha watu walio mbali na kuona kama kweli wanaunganika. Mazoezi ya namna hiyo hayahitaji kifaru wala risasi. Yanahitaji ramani moja, redio zilezile zinazotumika kila siku, saa inayotembea, na majenerali, wakurugenzi wa kiraia na maafisa ugavi waliokaa mbele ya skrini zao bila kuambiwa tukio litaanza lini. Saa 11 jioni kituo cha mbali kinaripoti kushambuliwa. Mfumo unarekodi nani aliupokea ujumbe, dakika ngapi zilipita kabla ya ujumbe kupanda ngazi ya pili, nani alikuwa na mamlaka ya kuamuru helikopta iruke usiku, na kama alijua kwamba mamlaka hayo ni yake. Mwishoni matokeo yanabandikwa ukutani, kwa majina na vyeo, mahali ambapo koplo anaweza kusimama akayasoma.